Netflix, Disney+, HBO Max, Prime Video au Apple TV: ipi ulipie kwanza na ipi isubiri

Siku moja nilikaa na taarifa ya benki ya mwaka mzima na kalamu nyekundu, nikawa napiga mstari kila palipokatwa pesa ya huduma ya filamu. Huduma zilikuwa nne. Mbili tulikuwa tunazitazama kweli. Ya tatu ilifunguliwa mara ya mwisho miezi minne nyuma, watoto walipomaliza msimu waliokuwa wakiungoja. Ya nne nilikuwa na hakika nimeshaachana nayo, maana programu yake niliifuta kwenye simu kwa mkono wangu mwenyewe. Kumbe kufuta programu hakusitishi malipo. Kadi ilikuwa imekatwa tarehe ileile, mwezi baada ya mwezi, mara saba.

Tangu hapo nina utaratibu mmoja, na mpangilio wote ulio hapa chini umesimama juu yake: nalipia huduma moja kwa wakati mmoja. Nikimaliza ninachokitaka, nasitisha na kuhamia nyingine. Hilo linawezekana kwa sababu karibu zote zina malipo ya mwezi kwa mwezi, na ukisitisha leo kwa kawaida unaendelea kutazama mpaka siku ulizolipia ziishe. Wala hupotezi kitu ukiondoka kwa muda. Netflix, kwa mfano, hutunza kumbukumbu za akaunti iliyositishwa kwa miezi kadhaa, kwa hiyo ukirudi ndani ya muda huo unaikuta orodha yako na unaendelea pale ulipoishia.

Nimezipanga nikimfikiria mtu mwenye pesa ya huduma moja tu: aanze na ipi, ipi aipitie kwa mwezi mmoja kisha aiache, na ipi isubiri.

Anza na unachotaka kutazama

Chukua karatasi uandike vitu vitano unavyotaka kutazama mwezi huu. Vitano vyenye majina, siyo "filamu nzuri za vita". Kisha vitafute kwenye JustWatch, tovuti inayoonyesha filamu au tamthilia fulani iko kwenye huduma ipi, na kama imo ndani ya malipo ya mwezi au inakodishwa kwa pesa ya ziada. Hakikisha umechagua nchi unayoishi. Haki za kuonyesha filamu huuzwa nchi kwa nchi, kwa hiyo huduma yenye jina moja inaweza kuwa na rafu tofauti kabisa pande mbili za mpaka mmoja. Rafiki yako aliye ng'ambo akikusifia kitu alichokiona, usilipe kabla hujakitafuta kwako.

Zoezi hili dogo limeniokolea pesa kuliko punguzo lolote la bei. Mara nyingi vitu vitatu kati ya vitano hukutana kwenye huduma moja, na hapo uamuzi umekwisha hata kabla hujasoma mpangilio wangu.

Usiende pia na mazoea ya mwaka juzi, kwa sababu vitu vinahama. Friends iliondoka Netflix ya Marekani mwishoni mwa 2019 na mwaka uliofuata ikawa mali ya kuvutia wateja wa HBO Max. Hata kazi ambazo huduma imezitengeneza yenyewe haziko salama: Westworld, tamthilia ya HBO, iliondolewa kwenye HBO Max Desemba 2022. Unacholipia ni ruhusa ya kutazama kilichopo mwezi huu.

Kifaa chako kinaweza kukunyima ulicholipia

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wengi wanapoumia bila kujua sababu.

Ndugu yangu mmoja alinunua simu mpya yenye kioo kizuri, akajiunga na kifurushi cha picha safi, lakini kila filamu ilionekana kama imefunikwa ukungu. Akalaumu intaneti, akanunua bando kubwa zaidi. Ukungu ukabaki. Tulipochunguza tukakuta tatizo ni ulinzi wa video ulio ndani ya simu. Simu na televisheni za Android hutumia mfumo wa Google uitwao Widevine, wenye ngazi tofauti. Kifaa chenye ngazi ya L1 huruhusiwa kupokea picha ya HD, yaani picha kali, na kupanda juu. Chenye L3 huishia kwenye picha ya chini, takriban mistari 480 (mistari ikizidi, picha huwa kali zaidi), hata kama kioo chake kina uwezo mara tano ya hapo. Baadhi ya simu za bei nafuu na visanduku vya televisheni visivyo na jina vina L3, na hakuna kifurushi kitakachokuokoa.

Kuangalia ni rahisi. Ukiwa na programu ya Netflix kwenye Android, ingia kwenye mipangilio ya programu, utafute sehemu ya vipimo vya uchezaji. Pameandikwa ngazi ya Widevine na ubora wa juu ambao kifaa kinaruhusiwa. Ukikuta L3, lipia kifurushi cha chini kabisa kinachopatikana, au tazamia kwenye televisheni.

Upande wa intaneti, vipimo vya Netflix vinatosha kuwa kipimo cha huduma zote kwa kukadiria. Picha ya HD ya mistari 720 inataka megabiti 3 kwa sekunde, HD kamili ya 1080 inataka 5, na 4K, iliyo kali kuliko hizo, inataka 15. Kama unatumia bando la simu, hesabu muhimu zaidi ni ya gigabaiti. Picha ya kawaida hula takriban GB 0.7 kwa saa, HD hufika GB 3, na 4K hufika GB 7. Tamthilia ya sehemu 10 za saa mojamoja itakula GB 7 kwa picha ya kawaida na hadi GB 30 kwa HD. Kwenye kioo cha simu, picha ya kawaida inatosha kabisa. Ingia kwenye mipangilio uibane, usiiachie programu ijiamulie yenyewe.

1. Netflix: ya kuanza nayo

Naiweka ya kwanza ingawa haina filamu bora kuliko wenzake. Imeshika nafasi hiyo kwa sababu inafanya kazi. Inapatikana katika nchi zaidi ya 190, inafunguka karibu kwenye kila kifaa chenye kioo, na intaneti ikidhoofika inapunguza ubora wa picha taratibu badala ya kukwama. Katika nyumba yenye watu wenye ladha tofauti, ndiyo pekee ambayo kila mtu anakuta chake: tamthilia za Korea, za Hispania, za Uturuki, filamu za India na Nigeria, vichekesho, makala za kweli. Vingi vimeingizwa sauti za lugha kadhaa, na maandishi ya tafsiri chini ya picha yanasomeka bila taabu.

Vifurushi vyake hutofautiana kwa mambo matatu: idadi ya skrini kwa wakati mmoja, ubora wa picha, na matangazo. Cha kati kinaruhusu watu wawili kutazama kwa wakati mmoja kwa HD kamili. Cha juu kinaruhusu wanne na kinafungua 4K. Kuna nchi zenye kifurushi cha matangazo, kilichoanza Novemba 2022, na kuna nchi zenye kifurushi cha simu tu, ambacho hakifunguki kwenye televisheni. Ushauri wangu ni kifurushi cha kati. Cha juu kina maana pale tu ambapo televisheni ni ya 4K, ni kubwa, unakaa karibu nayo, na intaneti inafika zile megabiti 15 hata usiku watu wote wakiwa mtandaoni. Likikosekana moja kati ya hayo, unalipia picha usiyoiona.

Usipange kugawana neno la siri na dada aliye mji mwingine. Tangu 2023 Netflix imekuwa ikifuata kanuni ya kaya moja kwa akaunti moja, na anayeishi kwingine anatakiwa kuongezwa kwa malipo au kujilipia. Disney+ nayo ilifuata njia hiyohiyo mwaka 2024.

Kasoro yake kubwa ni tabia ya kuanzisha tamthilia nzuri na kuikatisha baada ya msimu mmoja au miwili. Mimi sianzi tena tamthilia yake mpya kabla sijajua kama imefika mwisho. Nayo kwa filamu za zamani ni maskini.

2. Disney+: kama kuna mtoto nyumbani, inapanda hadi ya kwanza

Huduma hii ilianza tarehe 12 Novemba 2019, lakini ghala lake limejengwa kwa miaka mingi ya kununua kampuni nzima: Pixar ya filamu za katuni mwaka 2006, Marvel ya filamu za mashujaa 2009, Lucasfilm yenye Star Wars 2012, na sehemu kubwa ya Fox 2019. Matokeo yake ni kwamba vingi unavyovikuta ni mali yake mwenyewe. Havina mkataba wa kuisha mwezi ujao.

Kwa mtoto wa miaka minne hilo ni jambo kubwa kuliko wingi. Mtoto hataki filamu mpya 500. Anataka ileile ya jana, na kesho ataitaka tena. Binti wa jirani yangu ametazama filamu moja ya katuni mara nyingi kiasi kwamba anajibu maneno kabla mhusika hajayasema, huku amempa televisheni mgongo na anaendelea kuchora. Huduma ambayo filamu hiyo haielekei kutoweka inastahili pesa ya mzazi.

Ila fanya kazi ndogo siku ya kwanza. Kuna rafu ya watu wazima humo ndani, yenye vita, damu na mambo mengine. Mtengenezee mtoto wasifu wake wa watoto, na wasifu wako uuwekee namba ya siri. Dakika tano zinatosha, na wazazi wengi hawazitoi mpaka siku mtoto amekutana na kitu.

Mtu mzima asiye na watoto wala mapenzi na Marvel au Star Wars atamaliza anachokitaka ndani ya miezi miwili. Kwake yeye Disney+ inashuka hadi ya nne.

3. HBO Max: mwezi mmoja wenye thamani kubwa kuliko yote

Ukiniuliza ni wapi kazi yenyewe, yaani uandishi, uigizaji na upigaji picha, iko juu kuliko kwingine, nitakujibu hapa bila kusita. HBO ilianza mwaka 1972 kama kituo cha televisheni cha kulipia, na utamaduni wa kutengeneza tamthilia chache kwa uangalifu bado unaonekana. Jina lake limewachanganya watu: lilikuwa HBO Max mwaka 2020, likawa Max 2023, likarudi HBO Max Julai 2025. Ni kitu kilekile.

Kwa nini basi ya tatu? Kwanza, haiko kila nchi; kuna mahali kazi zake huuzwa kwa kituo kingine, kwa hiyo angalia kabla ya kufurahi. Pili, tamthilia zake kubwa hutoka sehemu moja kwa wiki. Msimu wa sehemu nane ukiufuata tangu mwanzo utalipia miezi miwili. Ukisubiri hadi sehemu ya mwisho itoke ndipo ujiunge, unautazama wote kwa mwezi mmoja na unabaki na wiki mbili za kuchimba misimu ya zamani. Gharama ya subira hiyo ni kukaa mbali na mazungumzo ya watu kwa wiki chache. Mimi naimudu. Wapo wasioimudu, na sitawalaumu, maana kujadili sehemu mpya na wenzako asubuhi yake ni nusu ya raha.

4. Prime Video: kwa aliye nayo tayari

Katika nchi ambako Amazon ina uanachama wa Prime wa kuletewa bidhaa, video huja ndani yake. Kama unao, unayo huduma hii bila kuongeza kitu, na usome sehemu hii kama ukumbusho wa kuifungua. Kwingine hulipiwa peke yake.

Tatizo ni kwamba ndani yake kuna maduka matatu yaliyochanganywa: vitu vilivyomo kwenye malipo yako, vitu vya kukodisha au kununua, na vituo vya kampuni nyingine vyenye malipo yao ya mwezi. Ukitafuta filamu, zote zinakuja kwenye kioo kimoja. Mtoto mwenye rimoti anaweza kununua filamu tatu kabla hujarudi kutoka jikoni. Weka namba ya siri ya manunuzi kabla ya lolote, kisha jizoeze kusoma kinachoandikwa kwenye kitufe. Na ukikodisha, kumbuka saa: kwa kawaida una siku 30 za kuanza kutazama, lakini ukishabonyeza kuanza una saa 48 tu.

Tangu mwaka 2024 imeingiza matangazo katika nchi kadhaa, ikianza na Marekani, na kuyaondoa ni malipo ya ziada. Mtu aliyejiunga zamani bila matangazo ana haki ya kukereka. Kitu chake ninachokipenda ni X-Ray: ukisimamisha picha, kinakuonyesha majina ya waigizaji walio kwenye tukio hilo. Kinamaliza ubishi wa "huyu tulimwona wapi" kwa sekunde mbili.

5. Apple TV: ndogo, safi, ya mwezi mmoja

Ilianza tarehe 1 Novemba 2019 kama Apple TV+, ikaondoa alama ya jumlisha Oktoba 2025. Sasa kisanduku cha Apple cha kuunganisha kwenye televisheni, programu na huduma vyote vina jina moja. Huhitaji kisanduku wala simu ya Apple kuitazama. Hata simu za Android zina programu yake tangu Februari 2025. Na filamu nyingi utakazoziona ndani ya programu hiyo ni za kukodisha. Zilizomo kwenye malipo ya mwezi ni zile za Apple yenyewe, ambazo ni chache.

Uchache huo una sura nzuri. Hakuna matangazo, picha ni safi kuliko huduma nyingi nilizotumia, na wanachokitengeneza wanakipa pesa na muda. CODA, filamu iliyotolewa na huduma hii, ilishinda tuzo ya Oscar ya filamu bora Machi 2022, ushindi wa kwanza wa aina hiyo kwa huduma ya mtandaoni. Jiunge mwezi mmoja, mara mbili kwa mwaka, utakuwa umekula utamu wote.

Zinazoweza kuipiku orodha yote

Mwenye mapenzi na anime, yaani katuni za Kijapani, asipoteze muda na niliyoyasema juu. Crunchyroll ndiyo yake, basi. Anayetaka sinema za waongozaji kutoka pembe zote za dunia aangalie MUBI, yenye filamu chache zilizochaguliwa na watu wanaozipenda. Tubi na Pluto TV hazilipishwi kitu, zinaishi kwa matangazo, na ziko katika baadhi ya nchi tu. Kama maktaba ya umma ya mji wako inashirikiana na Kanopy, kadi ya maktaba inakufungulia filamu za bure ambazo wengi hawajui kuwa wanazo.

Kuna swali moja la kujiuliza kwa unyofu: watu wa nyumba yako wanatazama nini hasa kila jioni? Ikiwa jibu ni YouTube, basi YouTube Premium, inayoondoa matangazo yake na kuruhusu kupakua na kusikiliza kioo kikiwa kimezimwa, huenda ikawa na faida kwako kuliko zote tano.

Mpira na michezo mingine nimeviacha makusudi, kwa sababu haki zake hubadilika ligi kwa ligi na nchi kwa nchi. Anayelipia kwa ajili ya mpira atazame ratiba ya timu yake kwanza, akijua pia kwamba picha ya mtandaoni huchelewa kwa sekunde kadhaa. Jirani mwenye antena atashangilia goli kabla yako.

Siku ya kulipa

Jiunge moja kwa moja kwenye tovuti ya huduma yenyewe inapowezekana. Ukijiunga kupitia duka la programu la simu, au kampuni ya simu, au Prime Video, basi aliyekukata pesa ni huyo, na kusitisha ni lazima urudi kwake. Ndivyo ilivyonitokea kwa ile huduma ya nne: kwenye tovuti yao kitufe cha kusitisha hakikuwepo, kwa sababu nilikuwa nimelipa kupitia simu niliyoshaigawa.

Epuka kifurushi cha mwaka mpaka umeitumia huduma miezi mitatu mfululizo. Punguzo lake ni la kweli, lakini linakufunga usizunguke, na vitu ulivyovifuata vinaweza kuondoka mwezi wa tano.

Ukipakua filamu za safari, zifungue nyumbani kwanza ukiwa umezima intaneti, uone kama zinacheza. Vilivyopakuliwa vina muda wa kuisha, na vingine ukishavianza una saa 48.

Kisha, dakika ileile umelipa, ingia kwenye ukurasa wa akaunti usitishe. Mwezi wako unabaki palepale, na ukitaka kuendelea utarudi mwenyewe kubonyeza. Angalizo ni la majaribio ya bure: ya Apple, ukisitisha, yanakatika papo hapo, kwa hiyo hayo yawekee kengele kwenye simu siku mbili kabla hayajaisha. Ukurasa wa kusitisha ukikuuliza kwa nini unaondoka, huna haja ya kujibu. Shuka hadi chini kabisa, bonyeza kitufe cha mwisho, na usifunge ukurasa kabla barua pepe ya kuthibitisha haijaingia.